Simu Yaona, Je, Yahesabu? Funzo la Machakos kwa Maabara za Pwani

Mara kwa mara husambaa video kwenye makundi ya WhatsApp: mtu amebandika kigololi kidogo cha kioo juu ya kamera ya simu, akaielekeza kwenye tone la damu au maji ya dimbwi, na papo hapo simu ikajaa vitu ambavyo macho matupu hayajapata kuviona. Chini yake maoni huwa yaleyale: "Sasa maabara za nini?" Ndugu msomaji, habari hiyo ina kweli ndani yake, lakini ni nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayogusa afya ya watoto wetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga, na ng'ambo ya maji kule Pemba na Unguja.

Nusu ya kwanza ni hii: kamera ya simu ya kawaida, ikisaidiwa na lenzi inayofaa, inaweza kuona seli za mwili wa binadamu, mayai ya minyoo, hata vimelea vya malaria. Hilo limeshathibitishwa. Nusu ya pili ni kwamba daktari, na serikali inayopanga ugawaji wa dawa, mara nyingi hawatosheki na kuona. Wanataka idadi. Wanataka kipimo. Na simu tuliyonayo mfukoni haikutengenezwa kupima; ilitengenezwa kupendeza.

Ili tuielewe tofauti ya kuona na kupima, hebu tuiache Pwani kidogo, tuipande barabara ya Nairobi hadi Ukambani.

Kangundo, yai moja moja

Miaka ya 1980 eneo la Kangundo, wilaya ya Machakos, lilikuwa na kichocho kingi cha matumbo. Hiki si kile kichocho cha mkojo tunachokijua zaidi huku kwetu. Minyoo ya kichocho cha Machakos hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yake hutoka na choo, na ugonjwa ukikaa muda mrefu huvimbisha ini na wengu. Watafiti, wakiwemo John Ouma wa Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na Anthony Butterworth na Robert Sturrock kutoka Uingereza, walitaka kujibu swali ambalo kila mwenye bajeti ndogo hujiuliza: dawa haitoshi kumpa kila mtu kila wakati, basi apewe nani ili faida iwe kubwa?

Kuanzia 1983 waligawanya maeneo. Mahali pamoja walitibiwa wote waliokutwa na kichocho. Mahali pengine walitibiwa wale tu wenye mayai 100 au zaidi katika kila gramu ya choo. Mahali pa tatu walitibiwa watoto wa shule peke yao. Kisha watu wakafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yaliyochapishwa 1991 yalionyesha kwamba katika eneo kama lile, kuwatibu watoto wa shule tu, hata kwa kupishana miaka hadi 3, kunaweza kupunguza wingi wa minyoo na madhara yake kwa muda mrefu.

Tazama kilichowezesha jibu hilo. Hapakuwa na kompyuta ya kutambua picha wala simu ya kisasa. Palikuwa na hadubini, ile wengi tunayoiita maikroskopu, na mpimaji aliyeinama juu yake akihesabu yai moja moja. Kama wangeandika "ana kichocho" au "hana kichocho" na kuishia hapo, lile kundi la pili lisingekuwepo kabisa, maana lilitenganishwa kwa namba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ugonjwa nao, bila daftari, huzidi bila habari.

Kuhesabu kwenyewe hufanywaje? Njia inayotumika zaidi hadi leo, kutoka mashuleni Kwale hadi Pemba, huitwa Kato-Katz. Choo huchujwa kwa wavu mwembamba, kikajazwa kwenye tundu la kipimo maalumu kinachobeba miligramu 41.7, kikawekwa juu ya slaidi, yaani kile kipande chembamba cha kioo, na kufunikwa kwa selofani iliyolowekwa glisirini. Glisirini hukifanya choo kipitishe mwanga na mayai yaonekane. Mpimaji huhesabu mayai yote aliyoyaona, kisha huzidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu moja.

Sasa fanya hesabu hii mwenyewe. Mayai 4 mara 24 ni 96. Mayai 5 mara 24 ni 120. Shirika la Afya Duniani huhesabu kichocho cha matumbo kuwa chepesi kikiwa chini ya mayai 100 kwa gramu, cha wastani kuanzia 100 hadi 399, na kizito kuanzia 400. Yai moja tu lililorukwa na jicho linamhamisha mtoto kutoka daraja moja hadi jingine. Ndiyo maana maabara makini hupima slaidi zaidi ya moja kwa mtu mmoja. Na ndiyo maana tukiambiwa kuna simu itakayofanya kazi hiyo, swali letu lisiwe "inaona?" bali "inakosea mayai mangapi?"

Namba zinazoamua dawa

Mifano ya karibu zaidi ipo. Kichocho cha mkojo, kinachowasumbua watu wa Kwale, Kilifi, Tana River na visiwani, hupimwa kwa kuchuja mililita 10 za mkojo na kuhesabu mayai yaliyobaki kwenye kichujio. Yakifika 50 au zaidi, maambukizi ni mazito. Mtoto mwenye mayai 3 na mwenye mayai 300 wote "wana kichocho", lakini kwa anayepanga kampeni ya dawa hao si sawa hata kidogo. Kijiji chenye watoto wa aina ya pili kina hatari ya kuambukiza wengine kupitia kila kidimbwi wanachoogelea.

Malaria ni hivyo hivyo. Mpimaji hapaswi kuandika tu kwamba vimelea vimeonekana. Huvihesabu sambamba na chembe nyeupe za damu. Akifikia chembe nyeupe 200, huchukua idadi ya vimelea alivyoviona na kuizidisha kwa 40, kwa kukadiria kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 katika kila maikrolita ya damu. Vimelea 25 vinakuwa 1,000. Hesabu hiyo ikirudiwa siku zinazofuata ndiyo inayomwonyesha daktari kama dawa inafanya kazi au vimelea vimegoma kushuka.

Mfano mzito kuliko yote unatoka Kameruni. Kule kuna mnyoo wa jicho uitwao Loa loa. Mtu mwenye viluwiluwi vingi vya mnyoo huo kwenye damu akipewa dawa ya ivermektini, ambayo ndiyo hutibu upofu wa mtoni, anaweza kudhurika ubongo, hata kufa. Mwenye vichache hana shida. Kwa hiyo tofauti ya dawa na sumu ni idadi. Mwaka 2015, katika wilaya ya Okola, watu 16,259 walipimwa kwa kifaa kilichojengwa juu ya simu. Simu ilirekodi video ya damu, na programu ikahesabu misukosuko ya viluwiluwi vinapojinyonga kati ya chembe za damu. Jibu lilitoka kwa dakika chache. Watu 340 walizidi kiwango cha viluwiluwi 20,000 kwa mililita, wakazuiwa kupewa ivermektini. Waliopewa dawa walikuwa zaidi ya 15,000, na hayakutokea madhara makubwa yaliyohofiwa.

Kifaa hicho kilifaulu kwa sababu kilifanya kazi moja, kwa lenzi moja na mwanga mmoja, na kila kitu kikiwa kimefungwa mahali pake. Hakikuwa simu ya mtu yenye kigololi cha kubandika. Tofauti hiyo inahitaji kuelezwa.

Kamera ya simu inavyotudanganya kwa nia njema

Mwaka 2009 maabara ya Daniel Fletcher katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilionyesha kwamba simu ya Nokia ya wakati ule, ikifungwa kwenye lenzi za hadubini, inaweza kupiga picha za vimelea vya malaria, chembe za damu za mgonjwa wa selimundu, na bakteria wa kifua kikuu waliotiwa rangi inayong'aa. Bakteria hao waliweza hata kuhesabiwa na kompyuta kutoka kwenye picha. Mwaka 2014 maabara hiyohiyo ilichapisha uchunguzi uliojibu swali letu moja kwa moja: je, picha ya simu yafaa kwa kipimo? Jibu lilikuwa na pande mbili. Kwa uwezo wa kuona vitu vidogo, simu yenye kamera ya megapikseli 5 au zaidi inakaribia mpaka ambao mwanga wenyewe unaruhusu. Lakini mambo ambayo simu hujifanyia yenyewe, bila kuulizwa, yanaweza kuharibu kipimo yasipodhibitiwa.

Mambo yenyewe ni haya.

La kwanza, simu hujichagulia mwangaza. Ukipiga picha ya damu iliyojaa chembe, kisha ya damu yenye chembe chache, simu itaiongeza ile mwangaza na kuipunguza hii ili zote zionekane nzuri. Kwa picha ya harusi ni jambo jema. Kwa kipimo ni balaa, kwa sababu weusi wa seli mara nyingi ndiyo habari yenyewe.

La pili, simu hurekebisha rangi. Rangi za maabara zina maana. Dawa ya Giemsa huipa damu rangi zinazotenganisha kimelea na chembe iliyomficha. Simu ikiona zambarau imezidi, hudhani taa ndiyo mbaya, ikairekebisha kuelekea weupe. Hapo alama anayoitegemea mpimaji imefifia.

La tatu, simu hujitafutia ukali wa picha. Lenzi ya ndani husogea mbele na nyuma, na kila inaposogea ukubwa wa kitu pichani hubadilika kidogo. Ukimpima mgonjwa leo na kesho, rula yako imerefuka au imefupika bila wewe kujua.

La nne, simu hupamba. Hunoa kingo, hulainisha sehemu nyororo, na hubana faili ili isichukue nafasi. Namba zilizomo ndani ya picha nazo hazilingani sawasawa na mwanga: mwanga ukizidi mara mbili, namba haizidi mara mbili. Simu za siku hizi zimeongeza hila: huunganisha picha kadhaa kuwa moja, au hubadilisha kamera yenyewe ukikaribia kitu. Programu ya kulainisha uso wa bibi harusi haijui kwamba kidoa inachokifuta ni kimelea.

Tiba ya yote haya inajulikana, na haina gharama kubwa. Mwangaza, rangi na ukali wa picha vifungwe kwa mkono kupitia programu ya kamera inayoruhusu hivyo. Taa iwe moja na isiyobadilika. Simu ikae kwenye kishikizo imara, isishikwe kwa mkono. Picha ihifadhiwe bila kubanwa inapowezekana, na isitumwe kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp nayo huibana tena.

Rula ya milimita moja

Ukishaifunga kamera, bado hujapata kipimo. Umepata picha inayotulia. Kipimo huanza unapoiwekea rula.

Maabara zina slaidi maalumu yenye mstari wa milimita 1 uliogawanywa sehemu 100, kila sehemu maikromita 10. Maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Piga picha ya rula hiyo kwa mpangilio uleule utakaoutumia kwa mgonjwa. Tuseme ile milimita imechukua pikseli 2,000 kwenye picha. Basi kila pikseli ni nusu maikromita. Chembe nyekundu ya damu, ambayo upana wake ni kati ya maikromita 7 na 8, itachukua pikseli kama 15. Yai la kichocho, lenye urefu wa maikromita 140 hivi, litachukua pikseli 280. Ukiona "yai" la pikseli 60, ujue umepima kitu kingine, au simu imesogeza lenzi.

Usisahau kwamba ukivuta picha kwa vidole viwili, huongezi uwezo wa kuona. Unatanua tu pikseli zilezile, kama kutanua khanga: maua yanakuwa makubwa, lakini nyuzi haziongezeki. Kigololi cha kubandika nacho kina mpaka wake. Katikati ya picha kinaona vizuri, pembeni vitu hupinda na kufifia, kwa hiyo kuhesabu hadi kwenye kingo ni kujidanganya. Na kwa malaria hakitoshi. Kimelea kichanga kina upana wa maikromita moja au mbili, na wapimaji hukitafuta kwa lenzi ya mafuta ya mara 100 kwa sababu nzuri.

Pemba: jaribio lililosema kweli

Watu wa Pemba wana haki ya kujivuna katika mambo haya. Kisiwa hicho kina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, Chake Chake, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipima minyoo ya watoto wa shule na kujaribu dawa. Hapo Pemba ndipo kulipofanyika mojawapo ya majaribio ya mwanzo kabisa ya simu katika mazingira halisi ya kwetu, si kwenye chumba cha baridi cha chuo kikuu.

Daktari Isaac Bogoch wa Kanada na wenzake walibandika lenzi ndogo ya duara, ya bei ya dola 8 hivi, kwenye simu ya iPhone 4S kwa gundi ya karatasi ya pande mbili. Wakamulika kwa tochi ndogo. Wakachunguza slaidi 199 za Kato-Katz za watoto wa shule, kisha wakalinganisha na hadubini ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2013.

Kwa chango, yale minyoo marefu ya duara, simu iligundua 81 kati ya kila slaidi 100 ambazo hadubini ilisema zina mayai. Kwa minyoo ya umbo la mjeledi iligundua 54. Kwa minyoo ya safura iligundua 14 tu. Ukichanganya minyoo yote, ni 69 hivi kati ya 100. Tena pale maambukizi yalipokuwa mazito zaidi simu ilifanya vizuri zaidi kuliko pale yalipokuwa mepesi.

Tafadhali soma tena ile namba 14. Minyoo ya safura ndiyo inayofyonza damu, ndiyo inayompunguzia damu mama mjamzito na msichana wa shule. Mayai yake yana ganda jembamba, na kwenye slaidi ya Kato-Katz hufifia na kupotea ndani ya saa moja hivi kadiri glisirini inavyoendelea kufanya kazi. Simu yenye kigololi ingewaambia wengi wao kwamba wako salama. Watafiti wenyewe hawakuficha jambo hilo: walisema wazi kwamba kifaa kinahitaji kuboreshwa kabla ya kutegemewa. Huo ndio uungwana wa kisayansi, na ndiyo sababu jaribio la Pemba lina thamani kuliko video mia za mitandaoni.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sasa kuliko wakati ule. Kadiri watoto wanavyopewa dawa za minyoo shuleni mwaka baada ya mwaka, maambukizi mazito hupungua na mepesi ndiyo yanayobaki. Yaani tunaelekea kwenye mayai machache kwa kila slaidi, pale pale ambapo simu ya kubandika ni dhaifu, na pale pale ambapo mpimaji aliyechoka hurukwa na yai la tano.

Kinondo: hatua iliyofuata

Hatua ya mbele ilipigwa kwetu, Kwale, katika hospitali ya Kinondo Kwetu, karibu na Diani. Watafiti wa Finland na Sweden, wakiwemo Johan Lundin na Nina Linder, pamoja na wenzao wa Kenya, waliweka pale kifaa kidogo cha kubebeka kinachopiga picha ya slaidi nzima, kipande kwa kipande, na kuituma kwa mtandao wa simu. Kifaa hicho si simu, ila ni jamaa yake wa karibu: kamera ndogo, bei ya chini kuliko mashine za hospitali kubwa, na mawasiliano yaleyale tunayonunulia bando. Tofauti ni kwamba lenzi, taa na umbali vimefungwa kiwandani, kwa hiyo rula haibadiliki.

Kati ya 2018 na 2019 walipima wanawake 740 wanaoishi na VVU, wakitafuta seli za mlango wa kizazi zinazoelekea kwenye saratani. Seli mbaya hutambulika kwa vipimo: kiini chake huwa kikubwa kulinganisha na seli yenyewe, na huwa cheusi zaidi. Hapo utaona kwa nini simu inayojirekebishia mwangaza ingeharibu kazi. Programu iliyofunzwa kutambua seli hizo ilizigundua kwa kiwango cha asilimia 95.7 hadi 100 ikilinganishwa na wataalamu. Utafiti ulichapishwa 2021. Kwa kaunti ambayo mwanamke anaweza kusubiri majibu mpaka slaidi yake isafirishwe mbali kwa mtaalamu, hiyo si habari ndogo.

Baadaye njia hiyohiyo ilijaribiwa kwa minyoo ya watoto wa shule za Kwale, kwa slaidi za Kato-Katz. Programu ilipata mayai hata kwenye baadhi ya slaidi ambazo jicho la mpimaji lilikuwa limesema hazina kitu. Mpimaji hakufukuzwa kazi kwa hilo. Yeye ndiye aliyetengeneza slaidi, na slaidi mbovu haiponywi na kamera yoyote. Na wataalamu ndio waliothibitisha kwamba programu haikuita punje ya mchanga yai.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupiga makofi

Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti, viongozi wetu hupokea wageni wengi wenye vifaa vya kisasa. Tunapiga picha, tunakata utepe, na baada ya mwaka kifaa kiko kabatini. Kifaa cha simu cha kupimia seli kikiletwa kwenye zahanati yako, mwananchi na diwani wako wana haki ya kuuliza mambo manne, na hayahitaji digrii.

Kwanza: kimelinganishwa na hadubini ya kawaida kwa watu wangapi, na kwa ugonjwa gani? Jibu la chango si jibu la safura. Pili: kinatoa namba, au kinatoa picha tu? Kama ni namba, hupimwa kwa rula gani na hukaguliwa mara ngapi? Tatu: simu ikibadilishwa kwa toleo jipya, nani atarudia ulinganisho? Simu huzeeka upesi kuliko hadubini. Hadubini nzuri ikitunzwa hufanya kazi kwa miongo. Nne: picha zinakwenda wapi? Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Picha ya slaidi yenye jina la mama fulani ikizunguka kwenye kundi la wahudumu si siri tena, hata kama nia ilikuwa kuomba ushauri.

Nyumbani je? Ukiwa na lenzi ya kubandika, furahia nayo pamoja na watoto. Wape ngozi nyembamba ya kitunguu, wapige picha ya seli zake, wapige na picha ya rula ya shule kwa mpangilio uleule, wahesabu seli ngapi zinaingia kwenye milimita moja. Wakifunga mwangaza na kurudia mara tano, wataona wenyewe namba zinapokaribiana na zinapotawanyika. Mtoto akijua hilo amejua msingi wa maabara. Lakini damu, mkojo na choo cha mtu mgonjwa vipelekwe kwa mpimaji aliyesajiliwa. Usimtibu mwanao kwa picha uliyoifasiri sebuleni, na usimwache bila tiba kwa sababu simu yako haikuona kitu.

Zahanati zetu nyingi zina wauguzi wenye simu nzuri na hazina mpimaji. Hapo ndipo kishawishi kilipo: kudhani kwamba simu itajaza pengo la mtu. Machakos walipata jibu lao kwa sababu palikuwa na watu waliofunzwa kuhesabu na kuandika walichohesabu, ikiwemo pale walipokuta sifuri. Pemba walitwambia ukweli kuhusu safura kwa sababu kando ya simu palikuwa na hadubini na mtu anayeijua. Kinondo wamefika mbali kwa sababu mashine iliwekwa mikononi mwa maabara iliyo hai. Bajeti ya kaunti yako ikisomwa mwaka huu, tafuta mstari wa vifaa, halafu tafuta mstari wa kuajiri wapimaji. Kama wa kwanza upo na wa pili haupo, simama uulize.